Msichana Aliyesoma Ukurasa Uliofunikwa

Siku ya kuniaga, binti mmoja mpya wa idara yetu aliniuliza, huku akitafuna sambusa, kama ni kweli nilitumia miaka yangu yote ya kazi kushika saa na kuwasikiliza wasichana wakisoma. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Hongera mama, kazi nyepesi hiyo." Sikumjibu, kwa kuwa mtu anayeagwa hatakiwi kugomba, na sambusa zenyewe nilizinunua mimi. Lakini nilirudi nyumbani Ilala nimenuna, na nikiwa bado nimenuna nikaanza kuandika haya kwa ajili yake na wenzake. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa sitavieleza. Havikumfundisha mtu yeyote kusoma.

Nilianza kama mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Ilala. Nilitoka Masasi na sanduku la bati na Kiswahili cha kusini ambacho watoto wa mjini walikicheka mpaka walipozoea fimbo yangu. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka ambayo tulikuwa tukiyapangia foleni ya sabuni yakajaa vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje, na Kariakoo ikafurika watu na bidhaa mpaka ukivuka mtaa unavuka kwa ubavu. Pamoja na bidhaa ikaja miradi. Mmoja ulifungua ofisi eneo la Posta, ghorofani juu ya duka la miwani, ukitafuta walimu wa kupima usomaji wa wasichana. Mwalimu mkuu wangu alipeleka jina langu haraka sana, na mpaka leo nashuku alikuwa anatafuta pa kunipeleka.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kubana, nikijua naingia ofisini. Mkuu wetu, Mzee Mkude, alikuwa Mluguru mfupi aliyekwisha kuzunguka nusu ya nchi akikagua madarasa ya elimu ya watu wazima. Alinitazama miguu akaniambia kesho nije na ndala, maana kazi iko madarasani na madarasa yana vumbi. Kisha akanikabidhi vifaa: saa ya kubonyeza, penseli mbili zilizochongwa, kifutio, na ukurasa wa habari ya kusomwa uliowekwa ndani ya plastiki ili usichafuke. Hapakuwa na kingine. Nilitegemea angalau mkoba.

Mzee Mkude alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye miongozo yenu. Usikae mbele ya msichana, kaa ubavuni pake, kwa sababu aliyezoea kuchapwa akikuona mbele anasoma uso wako. Usikohoe. Usitikise kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Penseli yako iandike wakati wote, hata kama huna la kuandika, ili mtoto asijue ni neno gani amekosea. Hili la mwisho lilinipa shida mwanzoni, nikawa nachora maua. Mzee aliyaona maua yangu pembeni mwa karatasi akasema yanapendeza, lakini nijaribu na mboga, nisije nikachoka kuchora kabla wasichana hawajakwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha wasichana wa Dar es Salaam na wa Lusaka, wale wa umri wa kubalehe waliomaliza darasa la saba au wanaokaribia kumaliza. Wafadhili walikuwa na fedha za madarasa ya jioni ya kusoma, na walitaka kuyapeleka nchi moja, ile ambayo wasichana wake wako nyuma zaidi. Upande wa Zambia alikuwepo mwenzangu aliyeitwa Ba Mutale. Hilo "Ba" ni heshima ya kwao, kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alikuja Dar kwenye kikao cha kwanza akiwa amefunga kitenge kipya kila siku.

Katika kikao hicho tuliamua jambo ambalo kila mmoja wetu aliliona la haki. Tulisema tusimshitukize mtoto na habari ngeni. Kila nchi itumie habari kutoka kitabu chake cha darasa la nne, ambacho kila msichana alishakutana nacho. Sisi tukachagua habari ya Mzee Kitwana na punda wake aliyegoma katikati ya daraja. Ba Mutale akachagua ya kwao, kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichotumika kufundishia kwao tangu darasa la kwanza. Tukapiga makofi, tukanywa soda.

Msichana mmoja kati ya wale waliopimwa Kariakoo nilimfahamu kabla. Aliitwa Mwanahawa, wa miaka kumi na sita, aliyemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia. Mama yake alitoka Newala akiwa kigoli, na alikuwa na meza ya khanga Mtaa wa Kongo ambapo mimi nilinunua khanga zangu, kwa kuwa watu wa kusini hatupitani bila kusalimiana. Mwanahawa alizaliwa hapo hapo mjini na alikuwa msaidizi wa mama yake mezani. Asubuhi ya kupimwa aliingia darasani ananukia wanga wa nguo mpya, akaniamkia, akakaa, akasoma habari ya Mzee Kitwana bila kukwama hata mara moja. Alipofika kwenye maneno ya punda alibadilisha sauti. Nilimuuliza maswali, akajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nilimwandika kuwa bora kuliko wote, na nilipopita Mtaa wa Kongo nikamwambia mama yake kuwa binti anasoma kama mtangazaji wa redio. Yule mama aliitangaza habari hiyo mtaa mzima, kuliko redio yenyewe.

Baada ya hapo nilipanda treni hadi Kapiri Mposhi, na kutoka hapo basi hadi Lusaka, ili nikae na Ba Mutale akiwapima wa kwake. Niliona mambo ya ajabu. Wasichana wa Lusaka walitazama kila herufi kwa makini, wakaitamka, wakaiunga na nyingine, mpaka neno la Kiingereza likatoka limenyooka. Ukiwauliza habari inasema nini, kimya. Msichana mmoja alisoma vizuri mstari mzima kisha akaniuliza kwa upole, kupitia Ba Mutale, kama habari ile ni ya huzuni au ya furaha, apate kujua uso wa kuweka. Ba Mutale alicheka, halafu akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Kwa hiyo tulipoweka matokeo pamoja, sisi Dar tuling'aa. Wasichana wetu walisoma haraka, walielewa, walijibu. Wa Lusaka walisoma polepole na hawakujibu. Mgeni wa wafadhili alifika Posta, akapewa chai na korosho, akasema jambo liko wazi: madarasa yote yaende Lusaka. Sisi tulipongezwa. Mzee Mkude alipewa mkono kwa muda mrefu. Taarifa ikapelekwa kwa mchapaji, na mimi nikawa natembea Kariakoo kifua mbele kana kwamba wale wasichana niliwafundisha mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mezani kwa Mama Mwanahawa nikichagua doti, ndipo akaja mwanamke mmoja wa mtaa wa Gerezani, Mama Zuhura, amekunja khanga kwapani. Hakusalimia. Alitandaza khanga mezani akamwambia Mama Mwanahawa aniombe mimi niisome kwa sauti, maana mimi ni mwalimu. Ilikuwa nyekundu yenye mapambo ya korosho pembeni, nzuri sana. Jina lake, maana sisi maneno ya kwenye khanga tunayaita jina, lilikuwa hili: "Umbea wako hauniondolei usingizi."

Mama Zuhura alieleza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mwanamke wa Gerezani ni ya kuogopwa. Alikuwa amemwoza binti yake. Alifika mezani hapo akaomba khanga ya kumtunza mkwe, mama wa bwana harusi, yenye jina la heshima. Mwanahawa akampa hiyo, akamwambia jina lake ni "Asante mama kwa malezi." Zawadi ilifunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na shangazi wa bwana harusi, ambaye kusoma anajua, akaisoma. Mkwe aliinuka akaondoka na biriani haijapakuliwa.

"Mwanao kanivunjia undugu," alisema Mama Zuhura. "Mwanangu yuko kwa watu huko, hasemeshwi."

Mama Mwanahawa alimgeukia binti yake. Ninyi mnaweza kudhani alimwuliza kama amekosea. Hakumuuliza. Alinitazama mimi kwanza, kisha akasema kuwa Mwalimu mwenyewe, huyu aliyesimama hapa, alimpima akasema anasoma kama mtangazaji. Basi mtu anayesoma kama mtangazaji hakosei jina la khanga. Amefanya kusudi, ametaka kucheka na harusi ya watu. Alama yangu niliyompa kwa penseli ikawa ndiyo ushahidi wa kumhukumu. Mwanahawa alisimama amekunja mikono, hakukana. Alipigwa kofi moja, la aibu zaidi kuliko la maumivu, na mama yake akatangaza kuwa wiki hiyo hiyo anampeleka Newala kwa mjomba, akaolewe huko, ujeuri umtoke.

Sikulala vizuri. Nilimfahamu yule binti, na ujeuri hakuwa nao. Kesho yake baada ya misa nilirudi nikamwomba mama yake amruhusu anisindikize nyumbani kubeba doti zangu mbili, mzigo ambao hata paka angeubeba. Mama alinielewa, akaruhusu. Ukumbini kwangu nilimpa chai, nikatoa ule ukurasa wa Mzee Kitwana kwenye plastiki yake, nikakaa ubavuni pake kama nilivyofundishwa, nikamwomba anisomee tena.

Akaanza. Sauti ile ile, punda yule yule. Alipofika nusu ya ukurasa nilinyoosha mkono nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Mwanahawa aliendelea. Alimvusha Mzee Kitwana darajani, akamgombeza punda, akamleta mpita njia mwenye miwa, akafika mwisho bila kukosea neno. Macho yake muda wote yalikuwa kwenye kiganja changu. Alipomaliza ndipo akaona alichokuwa anakitazama.

Niliondoa mkono. Nikamsogezea gazeti lililofungiwa maandazi, nikamwonyesha mstari mmoja. Alilitazama kwa muda kisha akalisukuma taratibu.

"Darasani kitabu kilikuwa kimoja, mwalimu, sisi sita dawatini," alisema. "Mimi nakaa mwisho kabisa, nayaona maandishi kwa pembeni tu. Mwalimu anasoma, sisi tunaitikia. Nikisikia mara mbili kimeshaingia."

Khanga nazo alizijua vivyo hivyo. Duka la jumla lilikuwa la Mama Kusum, mwanamke wa Kihindu aliyefanya biashara Mtaa wa Uhuru tangu mumewe akiwa hai. Kila robota jipya likifunguliwa, wachuuzi walikusanyika barazani kwake asubuhi, Mama Kusum akatandaza khanga moja moja na kusoma jina, wao wakaitikia mpaka likakaa. Wengi wao hawakusoma, Mama Mwanahawa akiwa mmoja wao, na biashara ilikwenda miaka yote kwa njia hiyo: nyekundu ya korosho jina lake hili, ya bluu yenye feni jina lake lile. Lakini baada ya biashara kufunguliwa, viwanda vikaanza kuigana. Mapambo ya zamani yaliyopendwa yakarudi sokoni na majina mapya. Robota lenye ile nyekundu lilifunguliwa asubuhi moja wakati Mama Mwanahawa yuko hospitali kwa ajili ya meno, na binti aliyetakiwa kwenda kusikiliza alikuwa amekaa ubavuni pangu, anapimwa. Alirudi akakuta korosho zile zile anazozijua, akaziuza kwa jina analolijua.

Nilimuuliza kwa nini hakumweleza mama yake jana, kuliko kupigwa mbele za watu. Akajibu bila kunitazama.

"Ningesema nini? Mama keshamwambia kila mtu nasoma kama mtangazaji. Bora nionekane jeuri, mwalimu. Jeuri anaogopwa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa aliyeanzisha hilo la mtangazaji nilikuwa mimi. Nilimwambia habari hiyo ni yake, sitaitoa mdomoni mwangu, lakini basi la Newala halitamsubiri afikirie. Alikaa akizungusha kikombe. Mwisho akaniomba nimsindikize.

Mama Mwanahawa alisikiliza akiwa amekaa juu ya mkeka, nyuma ya meza yake. Binti aliongea akiwa amepiga magoti, maneno machache tu. Nilitegemea matusi. Badala yake yule mama aliuliza, "Hata herufi zile za mwanzo? Hata jina lako?" Mwanahawa akasema jina lake analijua, na namba, na zaidi ya hapo ni vipande vipande. Mama akajipangusa uso kwa ncha ya khanga. Akaniambia mimi kuwa Newala anaiahirisha, lakini hataki kunidanganya. Kuuza kwa kukariri kulikuwa kwa zamani zile. Siku hizi sura ni za zamani na maneno ni mapya, na meza ile ndiyo inayowalisha. Kama patapatikana pa kumfundisha binti kusoma, atabaki. Pasipopatikana, atakwenda kwa mjomba, maana mjini hapa mchuuzi asiyejua anachouza ataharibu harusi za watu mpaka lini.

Sasa pa kumfundisha palikuwa ni yale madarasa ya jioni, ambayo nilikuwa nimeshiriki kuyapeleka Lusaka. Jumatatu nilimngoja Mzee Mkude ngazini. Nilimweleza yote nimesimama. Hakubisha. Alichukua kofia yake, akamwambia mchapaji asimamishe kuchapa, akatembea nami hadi shule ya karibu. Pale tuliwaita wasichana mmoja mmoja, wakaanza kusoma, na katikati ya punda Mzee akawa ananyoosha kiganja chake kikavu na kufunika ukurasa. Wachache walinyamaza au waliusogeza mkono wake kwa adabu. Wengine waliendelea moja kwa moja, mpaka darajani, mpaka ng'ambo. Baada ya msichana wa mwisho Mzee alivua miwani akacheka mpaka akashika meza.

"Tumepima kumbukumbu, Skola," aliniambia. "Na kumbukumbu Mungu kawapa."

Nawaambieni vijana, nimefanya kazi na wakubwa wengi, na wengi wao wangemalizia kuchapa taarifa. Mzee Mkude aliandika habari mpya kwa mkono wake usiku ule, ya mwanamke aliyenunua feni Kariakoo akaikuta ndani ya boksi ni ya mwaka juzi, na akakataza nakala yake isionwe na mwalimu yeyote kabla ya siku yenyewe. Tulimpigia simu Ba Mutale kumweleza. Laini ilikuwa mbovu, lakini sauti yake ilitosha bila laini. Alisema kama mnabadilisha, basi wasichana wake nao wapewe habari ile kwa Kinyanja, lugha wanayogombania ndizi, maana yeye amechoka kuwaona wakisoma kwa lugha inayowasoma wao.

Tulipima upya pande zote mbili. Wetu waliokuwa wakikimbia kama maji ya bomba walitulia ghafla, wakatafuta herufi, wengi hawakuzipata. Wa Lusaka waliokuwa kimya wakaanza kuchekea feni ya yule mwanamke, maana waliielewa, ingawa wengi nao hawakufika mwisho wa ukurasa. Mgeni wa wafadhili alirudi amekunja uso. Aliuliza swali lile lile, kwamba nchi ipi hasa iko nyuma. Mzee Mkude alimmiminia chai akamwambia kuwa mmoja anaumwa malaria na mwenzake anaumwa tumbo, na daktari akisimama mlangoni kuuliza nani zaidi, watamfia wote wawili. Mgeni hakucheka, lakini aligawa fedha. Tulipata nusu ya madarasa, Lusaka nusu.

Darasa letu tulilifungua kwenye shule karibu na Mnazi Mmoja, saa ambazo wasichana wengi hupumzika kutoka kwenye biashara. Nililiomba nilifundishe mwenyewe. Mwanahawa alikuwa wa kwanza kufika, na nawaambia ukweli, alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko wote niliowahi kufundisha. Tatizo lake lilikuwa kile kichwa. Chochote nilichoandika ubaoni, akikisikia mara mbili amekwisha kukihifadhi, na hapo macho yake yanakwenda likizo. Ilibidi kila siku nilete maandishi ambayo hajawahi kuyasikia. Nilikusanya maboksi ya dawa za meno, vibandiko vya mitumba, mabango ya mikutano yaliyobanduka uwanjani, karatasi za kiberiti. Nyumbani kwangu palifanana na jalala. Nilikata kadi kutoka boksi la viatu nikatoboa kidirisha cha kutosha neno moja tu, nikawa naitelezesha juu ya mstari ili kisionekane kinachofuata. Chombo hicho bado hakijapata mshindani, na hakihitaji umeme.

Alikasirika mara nyingi. Aliyezoea kusoma kama mtangazaji hafurahi kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuna jioni alitupa kadi yangu chini akasema yeye alikuwa anajua kusoma mpaka nilipomfundisha. Nikamwokotea, nikamwambia hilo ni kweli kabisa, tuendelee. Akaendelea amenuna. Baadaye alikiri kwamba akifunga macho bado anasikia sauti za darasa zima zikimsomea, na kazi kubwa ilikuwa kuzinyamazisha ili aone.

Ilipofika wakati wa kupima maendeleo, alama za kasi za wasichana wetu zilishuka. Mgeni alileta barua ndefu akiuliza tumewafanyia nini watoto, kwa kuwa mwanzo walisoma haraka na sasa wanasoma polepole, wakati Lusaka wanapanda. Mzee Mkude alimjibu kwa sentensi moja, kwamba wamepunguza kasi kwa sababu sasa wanatazama. Ninyi mnaopenda michoro ya rangi, kumbukeni hilo mkiona mstari unaoshuka. Muulizeni kwanza msichana aliyeko chini ya huo mstari. Ba Mutale aliponiandikia alisema wake wanasoma Kinyanja na wameanza kumsahihisha yeye, jambo ambalo hakulipangia bajeti.

Karibu na sikukuu Mama Kusum alipokea robota, akawaita wachuuzi. Mimi nilikwenda kama mteja, au ndivyo nilivyojifanya. Mama Zuhura wa Gerezani alikuwepo pia. Mkwe wake alikuwa amepoa baada ya kupelekewa doti nyingine na maelezo marefu, na sasa alikuja kununua akiwa na macho yake mwenyewe, kama alivyosema. Baraza lilijaa. Mama Mwanahawa alikaa mbele, binti yake ubavuni.

Mama Kusum alikata kamba, akatoa khanga ya juu, ya kijani yenye mapambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Alikuwa amesikia habari za darasa, kwa kuwa Kariakoo hakuna habari isiyosikika. Badala ya kusoma, aliipitisha mkono kwa mkono mpaka ikafika mapajani mwa Mwanahawa. "Leo miwani yangu imenichosha," alisema. "Tusomee wewe."

Hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyewahi kumsomea maneno yale. Mwanahawa aliikunjua mpaka penye maandishi, akaweka kidole. Alichukua muda mrefu. Alisoma silabi, akarudi, akasoma tena. Mama Zuhura akasogea karibu. Laiti ningekuwa na saa yangu ya kubonyeza, ningemwandikia alama mbaya kuliko zote alizowahi kupata. Kisha, kabla hajatutajia chochote, akacheka peke yake. Alicheka akainamisha kichwa, na sisi wengine tukabaki tunamtazama, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijua kitu ambacho baraza zima halijakijua.

"Linasemaje?" aliuliza Mama Zuhura.

"Macho ni yako," alisoma Mwanahawa polepole, kidole kikitembea, "mlango ni wangu."

Baraza lililipuka kwa kicheko, kila mmoja akamkumbuka jirani yake. Mama Kusum akachungulia maandishi, akasema ndilo, hajakosea hata nukta. Wanawake wakaitikia kama kawaida yao, mara ya kwanza, mara ya pili, wakimfuata Mwanahawa. Mama Zuhura akaagiza doti mbili, akasema hizo ni zake mwenyewe, hampelekei mtu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, nikasingizia vumbi la robota.

Mama Mwanahawa peke yake hakuitikia. Aliivuta khanga kutoka kwa binti yake akailaza mapajani mwake, akaipapasa pale penye maandishi kama anayetafuta uzi uliokatika. Alikuwa ameuza khanga maisha yake yote. Akaweka kidole chini ya alama ya kwanza kabisa, na mbele ya wachuuzi wenzake wote akamuuliza mwanawe hiyo inaitwaje.

"Hiyo ni M, mama," alijibu Mwanahawa. "Ndiyo inayoanzia jina langu."

Mama yake aliitazama kwa muda. Kisha akainuka, akaenda kwenye robota, akaanza kufunua khanga moja baada ya nyingine, akiitafuta hiyo M.